Matembezi mepesi kando ya maji: Dunga, mifereji ya Ahero, Isiukhu au Saiwa?

Shangazi yangu alitoka kliniki na maagizo mawili: apunguze chumvi, na atembee angalau nusu saa kila siku mahali pasipo na mlima. Chumvi aliipunguza siku hiyo hiyo. Mahali pasipo na mlima ndipo palipotutoa jasho, maana anakaa Riat, nje kidogo ya Kisumu, na Riat ukitoka mlangoni ama unapanda ama unateremka. Halafu akaongeza sharti lake mwenyewe: "Na pawe na maji, mwanangu. Kando ya lami nimechoka kumeza moshi wa matatu."

Ndivyo tulivyoanza kuzunguka, Jumamosi baada ya Jumamosi, tukitafuta mto, mfereji au ufuo ambao mtu wa miaka sitini na tano mwenye goti moja bovu anaweza kuufuata bila kuhema. Nitalinganisha sehemu nne ambazo watu hutuuliza mara kwa mara: ufuo wa Ziwa Victoria mjini Kisumu kutoka lango la Impala hadi Dunga, mifereji ya mpunga ya Ahero, Mto Isiukhu ndani ya msitu wa Kakamega, na kinamasi cha Saiwa karibu na Kitale. Nakuru nitaigusia, kwa sababu wenzetu wa huko nao huuliza, ingawa jibu lao ni fupi na halifurahishi.

Niseme mapema ninakoegemea, usije ukafika mwisho ukadhani nilikuficha. Kwa miguu, Ahero inazishinda zote. Na ndiyo pekee kati ya hizo nne ambayo sijawahi kusikia mtu akisema "twende tukatalii".

Mfereji haupandi mlima

Mto hupita unakotaka. Hukata bonde, huzunguka mwamba, huanguka maporomoko, na anayeufuata lazima apande na kushuka nao. Mfereji umepimwa na mtu. Mradi wa umwagiliaji wa Ahero ulianza 1969 katika uwanda wa Kano. Pampu za umeme huinua maji ya Mto Nyando na kuyamwaga kwenye mfereji mkuu. Kuanzia hapo maji hujiendea yenyewe kwa mteremko mdogo ambao jicho halioni, yakaingia mifereji midogo, yakaingia majarubani, na yanayobaki yakatoka kwa mifereji ya kutolea maji. Mhandisi aliyeupima mteremko ule hakuwa akimfikiria shangazi yangu, lakini kazi alimfanyia yeye. Ukitembea juu ya tuta la mfereji huwezi kukutana na mlima, kwa sababu maji nayo yasingeupanda.

Kuna faida nyingine ambayo sikuitarajia. Kwa kuwa maji lazima yashuke kuingia shambani, mfereji mkuu umeinuliwa juu kidogo ya mashamba. Kwa hiyo unatembea ukiwa juu, mpunga huku na huku, milima ya Nandi ikiwa mbali upande wa kaskazini kama ukuta wa buluu. Shamba likiwa limetoka kujazwa maji, kabla miche haijakomaa, mbingu yote iko chini ya miguu yako. Mpunga ukianza kuiva rangi hugeuka, na hapo ndipo utakapowakuta watoto na akina mama wakiamia ndege kwa makombeo, makelele na mikebe iliyofungwa kamba. Yangeyange hawaamiwi, wao hawali mpunga, wanafuata vyura na wadudu, na wakulima wanawaacha watembee nyuma ya jembe kama vibarua.

Siku ya kwanza mzee mmoja alitusimamisha karibu na lango la maji.

"Mnamtafuta nani?"

"Hatumtafuti mtu, mzee. Tunatembea tu."

"Mnatembea kwenda wapi?"

"Hadi kule kwenye miti, halafu turudi."

Akatutazama, akatazama viatu vyetu, akafikiri. "Basi mkirudi mpitie hapa mniambie kama maji yamefika kule chini."

Tukarudi tukamwambia yamefika. Tangu siku hiyo sisi si wageni, ni watu wa kuleta habari za maji. Nawashauri nanyi mfanye hivyo hivyo: salimuni, jitambulisheni, na kama mko kundi kubwa piteni kwanza ofisi ya mradi muombe ruhusa. Hapa ni mahali pa kazi. Tuta si bustani, na mtu akiwa anapitisha magunia kwa baiskeli au mkokoteni, wewe ndiye wa kukaa pembeni.

Sasa ubaya wake, maana upo. Kivuli hakuna. Kufika saa nne na nusu jua la Kano halina mzaha, na miti ni ya kuhesabu kwa vidole. Mwavuli si mapambo. Udongo ni ule mweusi unaopasuka kiangazi na kugeuka gundi mvua ikinyesha; baada ya mvua kubwa kiatu kimoja hubeba kilo nzima ya tope, na goti bovu halipendi kubeba kilo. Njia za changarawe zinazofuata mifereji mikubwa hukauka kwanza, zile za matuta madogo hukauka mwisho. Halafu kichocho. Konokono wanaokibeba wanapenda hasa maji ya namna hii, yanayokwenda polepole na yenye majani pembeni, kwa hiyo usitie miguu majini hata ukiona watoto wanaogelea. Hilo ni la mifereji na la ufuo wa ziwa pia.

Na pampu zikizimwa? Mfereji unabaki na maji ya kusimama, mbu na harufu. Umeme wa kusukuma maji ni gharama, na mradi wenyewe uliwahi kusimama kwa miaka kadhaa kabla ya kufufuliwa. Uliza Ahero kabla hujapanda matatu. Mwendesha boda yeyote pale steji anajua kama maji yanatembea.

Dunga kwa mwenye saa mbili

Ukiwa Kisumu na una asubuhi moja tu, usisumbuke na Ahero. Panda boda au tuktuk hadi lango la hifadhi ya Impala, ile ndogo inayosimamiwa na KWS (shirika la wanyamapori la Kenya) tangu 1992 kwa ajili ya swala wachache waliobaki mjini, kisha fuata barabara ya ufuo kuelekea Hippo Point na kuendelea hadi Dunga. Kwa hatua za mazungumzo ni kama saa moja. Njia ni tambarare karibu yote, miti mikubwa inakupa kivuli sehemu nyingi, na ukichoka popote boda iko nyuma yako. Kwa mtu anayejaribu goti lake kwa mara ya kwanza, hilo la kuweza kukatiza njiani lina thamani kuliko mandhari.

Lakini kuna sehemu ndefu ambapo huoni maji. Viwanja vya watu, kuta na malango vimejaa kati yako na ziwa. Ndiyo maana huwa namwambia mgeni asihesabu Dunga kama matembezi ya ziwa. Ahesabu kama matembezi ya barabara nzuri yenye ziwa mwishoni. Na mwisho wenyewe unafaa. Ufuo wa Dunga ni wa wavuvi: mitumbwi, nyavu, omena juani, akina mama wakipaa ngege. Nyuma yake kuna kinamasi cha mafunjo, na ndani ya mafunjo kuna ndege wasioishi kwingine ila kwenye mafunjo. Watu hutoka ng'ambo na darubini shingoni kuja kumtafuta mmoja tu, mwekundu kifuani, mweusi mgongoni, mwenye kichwa cha rangi ya manjano, ambaye sisi tulikuwa tukipita chini yake bila kuinua macho. Vijana wa ufuoni wanaoongoza wageni wanamjua kwa sauti. Wakikwambia ada yao, patana kabla ya kuanza, kwa heshima, maana ndiyo kazi inayowalisha.

Waulize pia kuhusu njia ya mbao inayoingia kwenye mafunjo kabla ya kuitegemea. Ziwa hupanda na kushuka. Mwaka 2020 lilipanda likameza fuo nzima upande huu wa ghuba ya Winam, vibanda na vyote, na tangu hapo nimejifunza kutoahidi mtu njia iliyo usawa wa maji.

Kiboko ndiye anayepanga saa zako Dunga. Mchana yuko majini, jioni anatoka kula nyasi, na njia anayopita ni hiyo hiyo unayotaka kupita wewe. Kila mtu anataka machweo ya Kisumu, kwa sababu jua huzama upande wa ziwa na ni kweli halina mpinzani. Litazame ukiwa umekaa mahali penye watu na taa, halafu urudi kwa gari. Usirudi kwa miguu gizani. Shangazi yangu, ambaye amezaliwa karibu na ziwa hili, hana mjadala katika hilo. Mimi niliyekulia mtaani Kondele ndiye niliyehitaji kuelezwa.

Isiukhu si mepesi

Hapa nitawaudhi watu wa Kakamega, nao ni ndugu. Kila tukiuliza njia nzuri kando ya mto tunaambiwa Isiukhu, "rahisi tu, tambarare tu". Mtu akikwambia njia ni rahisi tu, mtazame umri. Aliyetuambia sisi alikuwa na miaka ishirini na miwili, na alitembea mbele yetu kwa akala kama mtu anayeelea.

Sehemu ya kaskazini ya msitu, Buyangu, iko chini ya KWS, kama kilomita 20 kutoka mji wa Kakamega kwenye barabara ya Webuye. Kusini, Isecheno, iko chini ya huduma ya misitu, na mto wa upande huo ni Yala. Tuliyotembea sisi ni ya Buyangu, kuelekea maporomoko ya Isiukhu. Uzuri wake sitaupunguza hata kidogo. Baridi ya msitu saa tatu asubuhi ni dawa peke yake. Mbega wako juu na mikia yao meupe, hondohondo wanapita na mabawa yanayosikika kama mtu anayekung'uta mkeka, na mto unausikia kabla ya kuuona. Kivuli cha Isiukhu ukikigawa, kingetosha Ahero yote na kikabaki.

Ila mizizi. Njia ya msitu ni mizizi iliyolala, majani yaliyooza juu ya mizizi, na tope chini ya majani. Huwezi kuinua macho kumtazama mbega bila kusimama kwanza. Karibu na maporomoko ardhi inateremka, na kilichoteremkwa lazima kipandwe. Msitu ule hupata mvua nyingi, na mara nyingi hunyesha mchana, kwa hiyo ukichelewa kuanza unarudi kwa kuteleza. Siafu wako, na suruali iingizwe ndani ya soksi hata kama unaona aibu. Shangazi alifika, alikaa kwenye gogo dakika ishirini akisikiliza maji, akasema ni pahali pa kumshukuru Mungu. Kisha kurudi kukamchukua karibu mara mbili ya muda wa kwenda, na wiki nzima iliyofuata hakutembea.

Kwa hiyo: ukiwa na magoti mazima, watoto wa kuanzia miaka minane, na mwongozaji wa pale (mchukue, njia zinagawanyika ndani na zote zinafanana), Isiukhu inaipita Ahero kwa mbali. Ukiwa unampeleka mtu aliyeandikiwa na daktari atembee, ijaribu kwanza wewe mwenyewe.

Saiwa kwa macho

Saiwa ni hifadhi ya taifa ndogo kuliko zote Kenya, kama kilomita 3 za mraba tu, iliyotengwa 1974 ili kumlinda nzohe. Huyu ni paa wa majini mwenye kwato ndefu zilizopanuka, anayetembea juu ya matope mahali ambapo swala mwingine angezama. Kinachoifanya ifae katika ulinganisho huu ni kwamba ndani hakuna gari. Kila mtu ni wa miguu, waziri na mkulima. Njia zinafuata ukingo wa kinamasi, mahali pengine zinavuka juu ya mbao, na kuna minara ya mbao ya kupanda na kungoja.

Hali ya hewa ya huko ni ya nyanda za juu, jua halikuchomi kama Kano. Njia ni laini, kupanda ni kidogo, na unaweza kugeuka popote. Nzohe huonekana alfajiri na jioni, kwa hiyo anayetaka kumwona lazima alale Kitale au jirani na lango. Sisi tulimwona mmoja, kichwa na mgongo, kwa muda wa kuvuta pumzi nne. Karasinga tuliwaona vizuri zaidi, wale kima wenye ndevu nyeupe, na jina lao ukiwaona ndevu utalielewa bila kuelezwa. Korongo wenye taji nao wapo.

Pingamizi ni umbali. Kutoka Kisumu hadi Kitale ni zaidi ya kilomita 150, kisha unaelekea barabara ya Kapenguria na kukatia Kipsaina. Kwa mtu wa Kitale au Eldoret, Saiwa iwe ya kwanza na asisome zaidi. Kwa mtu wa Kisumu ni safari ya mwaka, si dawa ya kila wiki. Mbao zikilowa zinateleza, na ngazi za minara si za goti la shangazi. Alibaki chini akaongea na askari wa hifadhi, na inaonekana ndivyo alivyojua mambo mengi kuliko mimi niliyepanda.

Gharama kwa ufupi: Ahero hulipi kitu isipokuwa nauli, ambayo kwa kilomita kama 25 si ya kukuumiza kichwa. Barabara ya Dunga ni bure hadi utakapochukua mwongozaji au kuingia Impala. Buyangu na Saiwa zina kiingilio cha KWS kinacholipwa kwa eCitizen, na viwango hubadilika, kwa hiyo vitazame kwenye simu kabla ya kutoka nyumbani, pale ambapo mtandao bado upo.

Nakuru, na maji yanayotoka mbali

Kwa mtu wa Nakuru, ziwa liko mlangoni lakini hifadhi yake ni ya gari. Kutembea humo hairuhusiwi, na kuna vifaru, nyati na simba wa kukukumbusha kwa nini. Mto Njoro, unaotoka Mau na kuingia ziwani humo, una sehemu nzuri upande wa Njoro na Egerton, lakini kiangazi hupungua hadi ukabaki mawe, na kadiri unavyokaribia mji ndivyo unavyobeba taka. Fuata sehemu ya juu, asubuhi, msimu wa mvua chache.

Wengi huko hukimbilia korongo la Hell's Gate kule Naivasha. Si mepesi, na zaidi ya hapo, ni korongo. Aprili 2012 na tena Septemba 2019 maji ya ghafla yaliwaua watu waliokuwa wakitembea chini kabisa, saba kila mara. Mvua ya mbali hujaza korongo wakati kwako jua linawaka.

Hilo nalileta kwa sababu lina sura yake hata huku kwetu. Nyando huja na rangi ya chai ya maziwa, na kwa kweli hutoka huko huko kwenye chai, Nandi na Kericho. Mwezi wa nne na wa tano Ahero inaweza kuwa kavu kabisa asubuhi na Nyando ukavimba jioni kwa mvua ambayo hukuiona. Katika miezi hiyo sisi hatuendi mfereji ulio karibu na mto wenyewe. Tunabaki Dunga, tukitembea barabara ya kuta na malango bila kulalamika. Kwa sababu hiyo hiyo nimeacha kupendekeza matuta ya Nzoia kule Budalang'i. Kwa miguu ni mazuri, yameinuka na yamenyooka, lakini yalijengwa kuzuia mto, na mto umeyapasua mara nyingi mno.

Tukitaka siku kamili, Ahero tunaanza saa kumi na mbili na nusu, mwavuli, maji ya kunywa lita moja kila mtu, gambuti kama ilinyesha usiku. Saa tatu tumerudi steji, na hapo kuna samaki na ugali wa kutosha.

Wiki iliyopita nilimpigia shangazi simu asubuhi nzima hakushika. Nilipompata ilikuwa saa tano, yuko Ahero steji, ameenda peke yake, amenunua kilo mbili za mchele, na ana hasira: pampu zimezimwa tangu Alhamisi, mfereji umejaa mbu, na yule mzee wa lango la maji hakuwapo wa kumlalamikia.